Sehemu ya Ngalula

Sisi tuliosoma Kolwezi kabla telefone haijaingia kila mfuko, hesabu tulijifunzia chini, kwenye vumbi. Tuliokota vijiwe vya kijani vilivyodondoka kwenye malori ya mgodi wa Mashamba, tukavigawa mafungu sawa huku midomo imejaa karanga za kukaanga. Hakuna aliyetushinda kama Ngalula, niliyekaa naye benchi moja darasa la tano. Alikuwa mdogo wa mwili, mwenye sauti ya chini, lakini ukimpa sehemu yoyote ya hesabu, namba juu na namba chini, aliirahisisha kabla hujapepesa macho. “Natafuta tu namba yenye kula juu na chini,” alikuwa akituambia.

Siku ya interro, jaribio la hesabu, mwalimu aliandika ubaoni 36/48. Sisi wengine tulishuka polepole kama tulivyofundishwa: gawa kwa mbili, tena kwa mbili, halafu kwa tatu. Ngalula aligawa kwa kumi na mbili kichwani, akaandika 3/4, akaweka kalamu chini.

“Ulikopia kwa nani?” mwalimu aliuliza.

“Kwa mutu hapana, mwalimu. Nilifikiri mu kichwa.”

Mwalimu alimpiga sifuri kubwa ya wino mwekundu, akampeleka uani apige magoti juani. Nilisema, “Mwalimu, hakukopia,” nikapelekwa nami. Magoti yaliungua. Ngalula hakulia.

Kesho yake mama yake alikuja, kitenge amekifunga kwa nguvu, akasimama mlangoni.

“Tata mwalimu, mutoto yangu hapana mwizi. Mupatie ingine, hapa, mbele yangu.”

Mwalimu aliandika 51/85. Nasi tukaijaribu kimoyomoyo. Mbili haiingii, tatu haiingii chini, tano haiingii juu. Ngalula alitazama ubao, midomo ikicheza, kisha akachukua chaki: 3/5.

“Kwa ngapi?” mwalimu aliuliza.

“Kwa kumi na saba.”

Tulipiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye madawati. Mwalimu alifuta ubao.

“Na pardoni ya mutoto iko wapi?” mama aliuliza.

“Sifuri imeisha kuandikwa, mama. Twende mbele na somo.”

Mpaka leo nikikumbuka jibu lile damu inanichemka! Mtu mzima, ameona kwa macho yake, akashindwa kutamka neno moja la kuomba msamaha. Mama alimshika Ngalula mkono, wakatoka, akamwandikisha shule nyingine, mbali. Nikabaki peke yangu kwenye benchi.

Siku hizi Ngalula anafundisha hesabu Lubudi. Mwanafunzi akiruka hatua, humwita ubaoni kwa upole: “Tuonyeshe ulipitia wapi.”

Kolwezi kwetu, binti yangu hupiga picha zoezi lake, telefone inamletea jibu limeshapangwa vizuri. Juzi nilimuuliza jibu limetoka wapi.

“Papa, si iko juste? Unataka nini tena?”

Lilikuwa sahihi kweli, alipewa alama zote. Hakuna aliyemuuliza alipitia wapi. Nilikasirika, kwa sababu sisi tulipigishwa magoti kwa kufikiri, na hawa wanapigiwa makofi kwa kutofikiri. Hata hivyo nawaonea huruma. Hawatajua raha ile ya darasa zima kushika pumzi, mtoto mmoja akitafuta namba kichwani, na sote tukimwombea aipate.