Kucha Zangu Ndani ya Eda

Nianze na makumbi, maana bila makumbi hamtanielewa. Huku kijijini kwetu Kanga, wanawake tunafukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani mpaka yaoze, tunayafukua, tunayaponda, tunasokota kamba. Tope lile linanuka, na likishaingia kwenye kucha halitoki leo wala kesho. Basi kucha zangu zilipogeuka njano, nene, zisizokua, nikasema makumbi hayo. Nikapaka hina. Hina yenyewe haikushika vizuri, kila Ijumaa narudia.

Miguu ikavimba, nikasema matende. Bibi yangu alikuwa nayo, na alicheza ngoma mpaka uzeeni, lakini hayo ni mengine. Kifua kikabana, nikasema pumu, vumbi la makumbi. Shule niliacha mapema, ila kuyapa maradhi majina sikuhitaji kufundishwa.

Moyoni lakini nilikuwa na jina jingine: mke mwenzangu. Mume wetu alimwoa mimi nikiwa nimeshachoka kuzaa. Anapika mchuzi mzuri, sisemi uongo, ndimu anajua kuitia. Ila mimi sikuwa nakula mpaka yeye aonje kwanza.

Mume akafariki. Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kukoroma. Tukakaa eda wawili nyumba moja, chumba kimoja. Na mwenye eda hapaki hina, hapaki wanja, hajifukizi udi. Hina yangu ikafifia, kucha zikabaki wazi.

Mwenzangu akaziona.

"Bi Mkubwa, hebu lete mkono."

"Wa nini?"

"Lete tu."

Nikampa. Akaunusa! Wallahi akaunusa kama paka aliyeona kitoweo.

"Singo hii, ya kujisugulia maharusi. Manjano na liwa. Umo ndani ya eda unajisinga! Unamsingia nani?"

"Nani atanitaka mimi, na miguu kama mitungi?"

"Ndiyo nauliza. Huyo bwana haoni?"

Nikacheka, kicheko kikageuka kikohozi, pumzi ikagoma kurudi. Yeye kasimama, kakunja mikono, ananitazama. Alidhani nakohoa ili nisijibu. Nilipotulia akaleta ndimu na majivu, akanisugua vidole kama anasugua sufuria lililoungua. Njano haikutoka. Akavigeuza vidole, akavitazama tena. Nami nikajisemea: huyo, anajifanya hajui alichonitilia mchuzini.

Baadaye nikawa siwezi kulala chali. Nikilala nazama, nikikaa naibuka. Eda haimkatazi mgonjwa kwenda hospitali, lakini mwenzangu akang'ang'ania kunisindikiza. Nilijua sababu. Alitaka kumwona huyo bwana wa singo.

Hospitalini Kilindoni tukampata daktari, binti mdogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Akauliza kifua, nikasema pumu. Akatazama miguu, nikasema matende. Mikono nimeificha ndani ya kanga, maana sikutaka na huyu naye aninuse.

"Daktari," mwenzangu akadakia, "mwambie atoe mikono. Kucha zake mimi nimezisugua kwa ndimu na majivu. Njano haitoki!"

Nilitamani kumfinya. Daktari akaacha kuandika. Akanivuta dirishani, akazitazama moja moja, akauliza zimeanza lini, zinakua au hazikui. Nikasema makumbi. Akazipiga picha kwa simu. Nikamuuliza picha za vidole vyangu zinaenda kwa nani, akasema kwa mkubwa wake, amuulize. Sikumwamini sana. Nikapigwa picha ya kifua nayo. Aliporudi alivuta kiti, akakaa karibu.

"Bibi, haya uliyoyapa majina matatu, tunaona ni ugonjwa mmoja. Ni nadra sana. Mwilini kuna vijia vya kupitisha maji, mbali na vya damu. Vyako havipitishi vizuri. Maji yamebaki miguuni, mengine yamezunguka mapafu, ndiyo yanakubana. Na kucha huwa hivyo hivyo kwa wenye ugonjwa huu."

"Unaambukiza?" mwenzangu akauliza, akasogeza kiti nyuma.

"Hauambukizi."

"Unaletwa na nini?" nikauliza mimi.

"Hilo halijulikani vizuri."

Nikamtazama mwenzangu. Naye akanitazama.

Wakanichoma sindano mgongoni, wakayatoa maji, ya njano kama chai ya mchaichai. Pumzi ikashuka mpaka tumboni. Nilikuwa nimesahau kama inafika huko. Mwenzangu alikuwa amenishika mkono muda wote, na macho yake kwenye kucha.

Daktari alinionya kwamba maji yanaweza kurudi. Pumzi ikianza kukatika nisikae nyumbani kuipa jina. Kucha bado njano. Eda imekwisha, hina sasa ni halali yangu, lakini mwenzangu kaificha.

"Ukipaka, kucha nitazionaje?" ananiambia.

Mchuzi wake anauonja kabla sijamwambia. Na kila Ijumaa ananiita mlangoni kwenye mwanga, ananisikiliza pumzi, ananigeuza vidole kimoja kimoja. Akimaliza, anavinusa.