Sura ya Marehemu Karsono

Mvua ilikuwa imeunyeshea mji wa Klaten juma zima, na kila kitu nyumbani kwa Wening kilinuka unyevu: karatasi, mapazia, hata wino. Wening alikuwa na duka dogo la kuchapa pale sebuleni, na kazi iliyomlisha zaidi ilikuwa vitabu vya Yasini, vile wanavyogawiwa wageni kwenye khitma, vyenye picha ya marehemu ukurasa wa mbele.

Asubuhi hiyo alibonyeza kitufe cha kompyuta kama kawaida. Taa ikawaka, feni ya ndani ikavuma, lakini kioo chake kikabaki cheusi tii. Akazima, akawasha tena, safari hii kwa bismillahi. Cheusi vilevile.

Humo ndani mlikuwa na uso wa Mzee Karsono, ambaye arobaini yake ilikuwa keshokutwa. Mjane wake, Bi Rukmi, alikuwa na picha moja tu ya mumewe, iliyoliwa na ukungu na kugandamana na kioo cha fremu. Wening aliinakili kwenye kompyuta ikiwa bado imeng'ang'ania kioo cha fremu, akashinda jioni nyingi akiurudishia uso ule nyusi na midomo. Bi Rukmi alipoichukua fremu yake na kujaribu kuibandua picha nyumbani, ikachanika ikawa takataka. Sura ya mzee ikawa imebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya boksi lile la kompyuta, na Wening hakuwa ameihifadhi kwingine.

"Imekufa?" aliuliza mama mkwe wake, Mama Ngatinah, akichungulia na kisahani cha tempe, vipande vya soya vya kukaanga, mkononi.

"Usitaje kufa, mama, nakuomba."

"Basi imezimia. Mimi ningeizaba kibao kimoja tu."

"Si uliizaba ile redio? Iko wapi leo?"

"Iko kabatini, nzima kabisa. Imeamua kunyamaza."

Wening alicheka bila kupenda, na kucheka kukamtuliza. Akachomoa waya wa kioo, akaupuliza, akaurudisha. Kioo kikaandika kwamba hakipati picha, kisha kikalala. Alau chenyewe kilikuwa hai. Lakini huenda waya ndio mbovu, au tundu lake. Akageuka kuitazama televisheni, ambayo ingeweza kushika nafasi ya kioo.

"Na tamthilia yangu je?" Mama Ngatinah akang'aka. Kisha akaenda kuichomoa mwenyewe. "Chukua. Karsono alibeba jeneza la mume wangu kwenye matope mpaka makaburini, wala hakukubali kupokewa."

Wakaiunga televisheni kwa waya mwingine. Giza. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya boksi.

Ndipo Bi Rukmi akabisha hodi, mwavuli ukimchuruzika maji. Alikuja kuiona picha kabla haijachapwa. Wening alitamani kumdanganya kwamba umeme umekatika, ila feni ilikuwa inavuma.

"Mama, kompyuta haionyeshi kitu. Sijui bado kama nitampata."

Bi Rukmi akakaa polepole. "Jana nilijaribu kumkumbuka akicheka," akasema. "Nikaikumbuka sauti. Uso haukuja." Kisha akajikaza. "Endelea, mwanangu. Mimi nipo."

Wening akachomoa umeme, akalilaza boksi ubavu, akafungua skrubu. Ndani vumbi lilikuwa limelowa kwa unyevu, likagandamana kama ukoko. Akachomoa kadi zote mbili za kumbukumbu ya muda, vijibao vyembamba vyenye meno ya rangi ya dhahabu, akaurudisha umeme, akawasha bila hizo. Boksi likalia piii! ndefu, kwa hasira.

"Linatukana!" Mama Ngatinah akaruka.

"Linalalamika, mama! Maiti hailalamiki!" Ubao mkuu wa kompyuta ulikuwa mzima, ulijua hata umepungukiwa na nini. Akazima, akachomoa umeme tena. Meno ya kadi yalikuwa yamefifia, yana weusi. Akayasugua kwa kifutio cha penseli mpaka yakang'aa, akayafuta kwa kitambaa kikavu, akaipachika kadi moja kwanza hadi ikalia ka! pande zote mbili. Akaurudisha umeme, akawasha.

Kisha mwanga wa buluu ukawamwagikia usoni.

"Alhamdulillahi," wakasema wote watatu. Jambo la kwanza alilofanya Wening ni kuinakili picha mahali pawili. Ndipo akaifungua.

Mzee Karsono akawatazama, kichwa kimeinama kidogo upande.

"Enhe, ndivyo alivyokuwa," Bi Rukmi akasema, machozi yakimtoka huku anacheka. "Sikio la kushoto lilikuwa halisikii, basi akiitwa anaelekeza la kulia. Hata kwa mpiga picha!"

Mama Ngatinah akamsogezea tempe, naye Bi Rukmi akala, akaomba nyingine. Kando yao mashine ya kuchapa ikaanza kutema kurasa, moja baada ya nyingine, na Wening akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akazisikiliza tu zikishuka.