Sarafu Niliyoisugua kwa Jivu

Miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu nilikuwa Mirdif, huko Dubai, nikimfanyia kazi mzee mmoja mjane ambaye macho yake yalikuwa yanakwisha. Asili yao Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi wa Tanga. Nilimwita sir, kama wenzangu wote walivyowaita waajiri wao. Yeye aliniita bibi, maana sote tulikuwa na wajukuu.

Alikusanya sarafu za dhahabu za Marekani, zile za mwanzo kabisa, nchi yao ilipoanza tu kujipigia sarafu. Alizipanga kwenye trei ya mbao yenye vishimo, kila sarafu na chake. Kishimo kimoja kilikuwa kitupu tangu nifike. Daktari alishamwambia kuwa kabla mwaka haujaisha, khalas, atakuwa anaona mwanga na giza tu. Basi alitaka kitu kimoja: aione trei imejaa kabla hajapofuka.

Ile sarafu ya mwisho ikaja, kwenye kipaketi kidogo. Upande mmoja mwanamke mwenye kofia, wa pili tai. Nikamwambia tai wao mwembamba, hajalishwa.

Akacheka. "Ndiyo uzuri wake huo, bibi. Walipomnenepesha wakamharibu."

Aliishika pembeni kwa ncha za vidole, akaisogeza kwenye taa, akaisogeza tena. Machozi yakamtoka, asiione sawasawa. Akasema ataitazama vizuri akirudi kutoka hospitali, akishadungwa sindano yake ya macho. Akaiacha mezani juu ya kitambaa, dereva akampeleka.

Trei alinikataza kuigusa, nami sikuigusa. Hii ilikuwa mezani, na meza ni kazi yangu. Tena Idi ilikuwa keshokutwa. Kwetu Idi haiingii nyumba yenye dhahabu chafu. Mama alitukalisha chini tukasugua bangili na vipini mpaka ving'ae. Ile sarafu ilikuwa imefifia, ina wekunduwekundu kwenye nywele za yule mwanamke. Nikasema moyoni, ndiyo maana mzee haioni. Nikachota jivu kwenye chetezo, nikakamua ndimu, nikasugua kwa mswaki wa zamani. Ikawaka. Nilifurahi, sisemi uongo.

Aliporudi adhuhuri aliiendea kabla hata ya kukaa. Akachukua kioo chake cha kukuzia, akainama, akaigeuza pande zote mbili. Kisha akauliza nimeifanya nini. Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alisema taratibu kwamba dhahabu ya namna ile huota ngozi yake yenyewe, miaka mia mbili, na ngozi hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Hakuna fundi, Dubai wala Marekani, wa kuirudisha.

Nikamwambia anikate mshahara. Akasema si hilo. Nikamwambia basi anirudishe kwetu.

"Nani atanipikia?" akasema, akaenda kutawadha.

Mimi nimezoea kosa lenye adhabu. Ukivunja sahani unatukanwa, yanaisha, unaokota vigae. Lile halikuwa na pa kushikwa. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi.

Siku ya Idi, wageni walipoondoka, aliniambia nikae, jambo lisilokuwa kawaida yetu. Trei ilikuwa mbele yake, imejaa, na ile moja inameta kati ya wenzake kama ya bandia.

"Mimi sikuwahi kuiona, bibi," akasema. "Wewe uliiona. Niambie ilikuwaje."

Nikasema ilikuwa nyekundu kidogo. Akauliza nyekundu ya namna gani, ya shaba au ya asali, na je, ilifika kwenye mbawa za tai? Nikafumba macho nikaitafuta. Nilikuwa nimeishika kwa mkono huu, mbele ya dirisha la jikoni, jua linaingia, na sikuwa nimetazama chochote ila cha kuondoa.

"Ilikuwa chafu, sir," nikasema.

Akanigeuzia uso, akangoja asikie kama nina la kuongeza.