Chujio la Hewa na Vumbi la Kinango

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru nilikuwa mkunga kijana, binti wa Bodo, mwenye sare mbili na viatu vyeupe ambavyo havikuwahi kubaki vyeupe. Kituo chetu cha afya kilikuwa upande wa Msambweni, lakini kila Jumanne na Alhamisi tulipanda landrova tukaenda bara, Kinango, Ndavaya na kwengineko, kuwapima kina mama wajawazito chini ya turubai. Garini tulikuwa wawili tu, mimi na dereva.

Dereva alikuwa Mduruma wa huko huko bara, mrefu, mpole wa maneno, Mkristo aliyejifunza ufundi wa magari misheni. Aliniita dada mkunga, nami nikamwita kaka dereva. Miezi mingi ilipita kabla sijagundua kwamba kila Jumatatu, mkesha wa safari, nilikuwa nikiosha nywele.

Landrova ile tuliirithi kwa afisa wa Kizungu aliyerudi kwao, na mashine yake ilikuwa imekwisha. Ilitoa moshi wa buluu na kwenye vilima ilibidi nishuke nitembee. Ikapelekwa Mombasa ikatiwa mashine nyengine. Siku iliporudi, mkuu wa kituo, mtu mwangalifu aliyekaribia kustaafu, alituita sote wawili.

"Hii ndiyo ya mwisho," akasema. "Ikifa hii, safari za bara zimekwisha. Nimeshaambiwa hivyo."

Tulipotoka, dereva alifungua boneti akaniita. "Njoo uone kilichoua ile ya kwanza." Akanionyesha chungu cha chuma kilichokaa kando ya mashine. Lilikuwa ndilo chujio la hewa, mafundi wakiliita eakilina. Ndani yake mlikuwa na oili. Hewa huingia, hupita juu ya oili, vumbi linanasa, na hewa safi huenda kwenye mashine. Akachovya kidole akanionyesha. Oili aliyoitia asubuhi ilikuwa imegeuka uji mwekundu.

"Vumbi la kwetu ni jingi kuliko chungu hiki," akasema. "Likishajaa, linalobaki linapita na kusaga chuma kama msasa."

Alikuwa amesikia kwamba siku hizi kuna machujio ya karatasi, ya kisasa, hayataki oili. Akalitafuta moja Mombasa akalifunga. Safari ya kwanza gari lilikwenda kwa raha. Safari ya pili, hata Kinango hatujafika, likaanza kukohoa na kukosa nguvu. Alilitoa akaligongagonga kwenye tairi, na vumbi likamwagika kama pilipili ya unga. Alipoligonga mara ya tatu karatasi ikachanika kwenye kunjo. Alisimama amelishika, akaniangalia, tukacheka.

"Hili ni la watu wa lami," akasema. Akarudisha chungu cha oili.

Kuanzia hapo alikuwa na jambo moja tu kichwani. Tukiwa njiani alisimamisha gari pembeni, lori likapita, akaniambia nitazame vumbi. Nikaliona kweli: linaanzia magurudumuni, linakuwa zito usawa wa boneti, na juu ya paa linapungua.

"Pua ya gari, inapovutia hewa, iko pale pale vumbi linapochemka," akasema. "Nikiipandisha juu, nusu ya kazi imekwisha."

Tatizo ni kwamba ilibidi atoboe bodi ili bomba lipite. Mkuu wa kituo alikataa katakata. Gari la serikali halitobolewi, akasema, na daftari la vifaa halina mahali pa kuandika tundu. Nikaenda mimi. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Bwana, shikamoo. Mwezi uliopita tumekosa safari tatu kwa sababu ya gari. Kule Ndavaya mama mmoja aliningoja siku nzima, na nilipofika safari iliyofuata nilionyeshwa kaburi."

Mzee alivua miwani akaipangusa muda mrefu. "Mimi kesho nina mkutano Kwale," akasema. "Nitarudi jioni. Sitakagua bodi."

Kesho yake bodi ilitobolewa. Fundi bati wa sokoni alituchongea bomba kutokana na mfereji wa kukingia maji ya mvua, likapanda kando ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Juu kabisa akalifunika kwa kopo la maziwa ya unga lililokatwa matundu upande wa nyuma, ili hewa iingie kwa kugeuka na mchanga mzito ubaki nje. Maungio yakafungwa kwa mpira wa tyubu na vibanio. Ndani ya bomba dereva alipaka grisi kidogo kila baada ya kiungio. Ikiwa grisi itakuwa nyekundu, akaniambia, tutajua vumbi linapenya wapi.

Halafu akaja kwangu na ombi, kwa haya. Alitaka kifuko cha kulivisha lile kopo, cha kuzuia vumbi jepesi. Kitambaa kisiwe kizito, mashine ikakosa pumzi, wala kisiwe chepesi mno. Nikamletea vipande vitatu. Kila kimoja alikiweka mdomoni akavuta pumzi, kisha akanipa mimi nijaribu. Tulichagua marekani iliyokwisha kufuliwa mara nyingi. Nikaishona kwa mkono, tabaka mbili, na kamba ya kukazia chini.

Tangu siku hiyo, kila tuliporudi kutoka bara, tulikaa nyuma ya kituo kabla ya magharibi. Yeye alimwaga oili chafu, akakiosha chungu kwa mafuta ya taa, akatia oili mpya mpaka kwenye alama, bila kuzidisha, maana ikizidi hunyonywa na mashine. Mimi nilifua kifuko, nikakianika kamba moja na nepi za wodini. Kikikauka tulikipaka oili kidogo sana, kila mtu na upande wake. Tulizungumza mambo madogo. Aliniuliza samaki gani hana miiba. Nilimuuliza mbuzi wanajuaje njia ya kurudi. Nimekaa na watu wengi baadaye, na nimependwa, lakini sijawahi tena kukaa namna ile, mikono ikinuka mafuta ya taa, nikitamani kitambaa kichelewe kukauka.

Kiangazi kilipokolea tuliitwa mbele ya Ndavaya. Mama alikuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya. Tukamlaza nyuma, mama mkwe wake akamshika kichwa. Tulipofika kwenye mteremko tukakuta kundi la ng'ombe wanapelekwa majini, mamia, vumbi limesimama kama ukuta. Hapakuwa na njia ya pembeni. Tukaingia ndani yake polepole, na katikati gari likaanza kuzimika.

"Kifuko kimejaa," dereva akasema. Alipanda kwenye boneti akakivua. Nikaogopa. "Na mashine je?"

"Lina pua ya juu na lina oili. Litavumilia. Wewe mtazame mgonjwa."

Gari likapata pumzi. Alituvusha mle vumbini, kisha akakimbia mpaka hospitali ya Msambweni bila kuzima hata mara moja. Mama alipasuliwa, mtoto wa kike akatoka akilia. Nilipotoka wodini nilimkuta dereva amefungua bomba. Akanionyesha kidole alichokipitisha kwenye grisi ya mwisho, ile iliyo karibu na mashine. Ilikuwa njano, safi. Alitabasamu kama mtu aliyepata mtoto yeye.

Habari za lile gari zilienea. Wakaja mabwana kutoka makao makuu, wakalizunguka, wakapiga picha. Mkuu wa kituo alijitia amelijua tangu mwanzo. Baada ya miezi miwili barua ikaja: dereva anahitajika kaskazini, akayafanye magari ya huko vivyo hivyo. Alikuwa amefaulu mno, na mimi nilikuwa nimemsaidia kufaulu.

Siku ya kuondoka alinikuta nikipanga dawa. "Dada mkunga, nikiandika, utajibu?"

"Inshallah," nikasema. Ndilo neno nililoweza kulitoa.

Barua yake ilifika kabla ya Ramadhani. Aliniuliza waziwazi kama anaweza kutuma wazee wake kwetu. Alijua dini zetu mbili, akasema yuko tayari kuzungumza. Kwetu, mwenye neno juu ya ndoa ya binti ni mjomba, na mjomba wangu nilimwogopa. Nikasema moyoni nitamwambia mwezi ukiandama, ndipo nijibu barua. Ukaandama, nikasema baada ya Idi. Kisha masika yakaingia. Hatimaye nilipomweleza, mjomba akasema, "Kijana aje. Tutamsikiliza." Hivyo tu. Miezi yote ile nilikuwa nikiogopa sentensi fupi kama hiyo.

Nikaandika siku hiyo hiyo. Jibu lilichukua wiki nyingi. Alinishukuru kwa heshima. Alisema alidhani kimya changu ndicho kilikuwa jibu, na wazazi wake walikuwa wamekwisha kumposea.

Niliolewa na mwalimu, mtu mwema, tukazaa wanne. Miaka ikapita. Siku moja nilikuwa Ukunda na mume wangu, nikamwona dereva mbele ya duka la vipuri, kichwa kimekuwa cheupe. Tuliamkiana, tukaulizana watoto, wazima, wanasoma. Akataka kusema kitu, akaishia kuniuliza kama bado nafanya kazi. Nikamjibu nimestaafu. Tukaagana.

Njiani mume wangu akaniuliza yule ni nani. Nikamwambia yote, hata kuhusu ile barua niliyoichelewesha. Akaupokea mkoba wangu akaubeba yeye, na tukaendelea hivyo mpaka nyumbani.