Njaa Ambayo Haikuja

Ofisini walimwita Bi Njaa, na jina likamganda. Kazi yake ilikuwa kukadiria nchi itavuna kiasi gani, itakula kiasi gani, na kama kuna cha kuuza nje au cha kuagiza. Mwaka jana mvua ilikatika mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Wenzake walitazama picha za setilaiti, wakaona kijani, wakaridhika. Yeye alivaa buti, akaingia mashambani na kumenya mahindi mabichi. Ndani mlikuwa na mapengo matupu, kinywa cha kibogoyo. Akarudi akaandika bila kupepesa macho kwamba akiba ingeisha kabla ya mavuno, kwa hiyo nchi iagize mapema bei ya nje ikiwa bado chini. Mkurugenzi alisitasita, lakini akatia sahihi.

Mahindi yakaja kwa meli. Maduka yakajaa, unga ukabaki bei ileile, na maneno yakaanza kwamba Bi Njaa katutia hofu bure. Aliyeumia zaidi alikuwa mama mkwe wake, maana alishajaza chumba kizima unga, na sasa wadudu walikuwa wanajilia raha mustarehe. Bi Njaa naye, mwana wa watu, akaanza kujitilia shaka.

Hatimaye akaitwa kikaoni kujieleza, na ilishavuma kwamba kiti chake kina mwenyewe mpya. Alisimama mbele yao.

"Yatoeni mahindi ya meli kwenye hesabu," alisema, "halafu mniambie leo watu wangekula nini."

Wakapiga hesabu, wakarudia. Mzaha ukaisha. Mkurugenzi alikohoa kidogo, akasema makadirio ya mwaka ujao atayaandika Bi Njaa na si mtu mwingine.

Akirudi nyumbani alipitia dukani. Mama mmoja mbele yake aliuliza bei ya unga, akaambiwa ni ileile, akalipa huku anaongea na simu, akaenda zake. Hakushangaa, hakushukuru. Bi Njaa alibaki pale kifua kimemjaa fahari, hata akasahau alichofuata.

Alimkuta mama mkwe uani, anachekecha unga wake huku ananung'unika. Akaulizwa kama wamemfukuza.

"Hawajanifukuza, mama. Unga bado bei ileile."

"Sasa hiyo nayo ni habari?"

"Ndiyo habari yenyewe, mama," alisema, akavuta kigoda, akachukua chekeche la pili.