Kadzo, Siku Ile Maji Yalikuwa Yamekupwa

Mpaka sasa hivi nashika simu nikupigie, Kadzo, halafu nakumbuka. Akili imekataa. Imekataa kabisa.

Kwa ambao hamkumjua: Kadzo alikuwa mwenzangu wa laundry, hotelini Watamu. Yeye Mgiriama wa Bamba, mimi Mkamba wa Kitui. Tumepiga pasi mashuka ya wageni pamoja miaka na miaka. Jumanne pressure ilimpanda ghafla akiwa kazini. Kufika Jumatano asubuhi hatunaye. Wueh!

Saa ya lunch sisi wachache tulikuwa na fellowship yetu kwenye store ya mashuka. Siku ya kwanza alipoingia alisema peupe, "Jamani, mimi nimefuata mahamri. Huyo Yesu wenu mtanijulisha nikishashiba." Tulicheka mpaka supervisor akaja kuangalia kuna nini.

Siku hiyo tulikuwa tunasoma pale Yesu anapowalisha watu elfu tano. Kadzo akaacha kutafuna. "Na hakuwauliza kwanza ni wa dini gani?"

Nikamwambia hakuuliza.

"Akawapa tu?"

Akawapa tu. Kesho yake alirudi, na mahamri akaleta yeye.

Tangu hapo hakuna mtu aliyepita pale na njaa. Mara mbaazi za nazi, mara kimanga cha muhogo. Hata Bakari, askari wetu wa getini, alikuwa na sahani yake. Ramadhani ikiingia, Kadzo anafunika sufuria mchana kutwa. "Hatuwezi kumtafunia mwenzetu usoni," anasema. Futari alimpelekea mwenyewe.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa kucheka tu. Kadzo alizika watoto wawili wachanga, na watu wakamjaza maneno kwamba kuna mkono wa mtu. Akaenda kwa mganga huyu, akaenda kwa yule. Hofu ikamkaa, akawa halali bila taa. Asubuhi moja akanivuta pembeni: "Mwende, jana nimelala nimezima taa. Na sikuogopa." Nililia pale pale mbele ya mashine ya kufulia. Mimi niliyezaliwa kanisani, siku hiyo ndiyo nilielewa nuru ni nini.

Basi akataka kubatizwa. Alihudhuria darasa la ubatizo mwaka mzima, na zile shift zetu mnazijua. Alitaka jambo moja tu, mamake ashuhudie. Mama si wa kanisa, anashika mila zake, lakini alikubali kushuka kutoka Bamba. "Nitakuja nimuone mwanangu akiingia kwenu," alisema.

Kanisa letu hubatiza kule Dabaso, kwenye mkono wa bahari. Sasa oneni watu wa bara na mambo yetu! Pasta ni wa Machakos, wazee wa kanisa wote wa bara, Kadzo mwenyewe amekulia kwenye ukame. Tukapanga saa nne asubuhi kama mtu anayepanga harusi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za maji. Na ilikuwa bamvua, siku zile maji hutoka mbali kabisa.

Tumefika na kanzu nyeupe, na nyimbo, na mama mtu amejifunga leso mpya. Bahari haipo! Tope tupu, na kaa wanatukimbia. Jamaa mmoja aliyekuwa akichimba chambo akatucheka weee. "Poleni. Maji yamekupwa. Rudini saa kumi, yatakuwa yamejaa."

Saa kumi. Kadzo alikuwa anaingia shift saa nane, hoteli imejaa, off hakuna. Pasta akasema tutapanga siku nyingine, high season ikiisha. Kadzo akajaribu kuingia kwenye lile tope, akazama mpaka magotini, akacheka. "Basi, Yesu haendi popote." Lakini tukirudi nilimwona akijifuta macho kwa ile kanzu.

Laiti tungengoja. Laiti tungempigia supervisor tukamwomba jioni ile tu. Mashuka yangengoja, wallahi, mashuka hayana haraka.

High season haijaisha, na Kadzo hayupo.

Mazishini Bamba, mzee mmoja wa kanisa akanong'ona kwamba marehemu hakubatizwa, kwa hiyo ibada ya kanisa hapana. Mama alisikia. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," hakuitikia. Alimwendea pasta moja kwa moja.

"Baba pasta, mimi nilishuka kuja kumuona mwanangu akiingia kwenu. Niambie tu. Aliingia, hakuingia?"

Pasta akavua miwani, akalia mbele ya umati. "Aliingia, mayo, mama yetu. Aliingia kitambo. Sisi ndio tuliomchelewesha." Akavaa joho lake, akamzika kwa ibada kamili.

Na mama, katikati ya kilio chake, akapiga kigelegele. Kimoja tu, kirefu.

Kadzo, ulistahili kukisikia hicho ukiwa hai, umelowa chapachapa, unacheka. Hilo ndilo linalonichoma, na sijui kama litaacha. Kigelegele chako kimekukuta sandukuni.

Pumzika, dadangu. Wewe umeshafika kwa Bwana, sisi bado tuko njiani. Lala salama, mwana wa Bamba.