Niliinua Meni Swichi, Shemeji Yangu Akapoteza Mikono

Kosa ni langu. Si la tetemeko, si la yule mzee wa kituo cha kupozea umeme, wala sitamsingizia shetani. Nilikuwa peke yangu nyumbani na akili zangu timamu.

Jina langu niacheni nalo. Mimi ni mama wa makamo, naishi Nyegezi, kule juu kwenye mawe. Wanaonijua wanajua nina mdomo. Mama mkwe wangu husema nikifa itabidi mdomo uzikwe kwenye kaburi lake peke yake. Leo huohuo mdomo unatafuta pa kuanzia na haupaoni.

Tetemeko lilipopita, kwetu nyumba zilipata nyufa lakini hakufa mtu. Kilichotutesa ni jiwe moja lililobiringika kutoka mlimani likavunja nguzo ya transfoma ya mtaa wetu kama muwa. Giza! Tukakaa gizani hadi tukazoea. Simu tunachajia mbali, maji hayapandi kwa sababu pampu inataka umeme, na sisi wa juu tukarudi kubeba ndoo vichwani.

Kwangu ilikuwa na aibu yake, maana shemeji yangu ni fundi wa umeme. Ni mdogo wake mume wangu, nimemlea tangu yuko darasa la tano, akasoma ufundi, akapata kazi ya kupanda nguzo. Nitamwita Shija, ingawa si jina lake. Basi majirani wakawa wananichokoza: "Mama, una fundi ndani na bado unawasha kibatari? Au anawashia wenzio?" Nilikuwa nacheka nao, lakini iliniuma.

Shija siku zile hakai. Walianza na hospitali, wakaja pampu za maji, wakaenda viwanda vya Nyakato, wakashika laini ya Usagara. Anarudi hoi, anakula matonge mawili, analala na viatu. Nikamwambia, "Wewe nawe, huwezi kuwaambia wakubwa zako waanze na huku?" Akanicheka. "Zamu haina shemeji, shemeji."

Jumamosi zamu yetu ikafika. Nguzo mpya ilishasimama. Mchana Shija akapita nyumbani kula ugali na dagaa, ndipo akaliona jenereta. Mume wangu yuko kisiwani kwenye uvuvi wa dagaa, alikuwa amenitumia lile la kambi yao. Nilikuwa nimeshaliunganisha na soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili, kama nilivyomwona mume wangu akifanya, ili nyumba nzima iwake.

Shija akaacha kutafuna. "Shemeji, huu waya ni kifo. Uuchomoe."

"Jumuiya inasali kwangu jioni hii, soda ziko kwenye friji, hebu nionee huruma!"

Akainuka mwenyewe, akashusha meni swichi, ile inayounganisha nyumba na umeme wa nje. Akaniambia polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Hii ikiwa chini, umeme wa jenereta unabaki humu ndani. Ukiiinua, unatoka nje, unapanda nguzoni, unanikuta mimi. Usiiguse mpaka nije mwenyewe. Umenisikia?"

"Nimekusikia, baba. Nenda." Na kweli nilimsikia, jamani. Siwezi kuja hapa niseme sikumsikia.

Kinamama wa jumuiya yetu tunasali nyumba kwa nyumba, na wale wanaonichokoza ndio haohao wanajumuiya wenzangu. Nilitaka wakute taa zinawaka sebuleni, feni inazunguka, soda za baridi mezani. Wanyamaze!

Nikiwa napanga viti nikasikia watoto wa mtaa wa chini: "Umeme umerudiiii!" Mnaijua ile kelele. Moyo ukaruka. Nikasema, Shija kamaliza! Ngoja nitazame kama na kwangu umefika, nilizime hili jenereta linalonipasua kichwa. Nikaenda kwenye meni swichi. Kidole kimoja tu. Nikaiinua.

Jenereta likaguna, likazidiwa, likazimika. Nikadhani petroli imeisha. Nilikuwa nje nimeshika kidumu niongeze nyingine, ndipo nikasikia yowe kutoka kwenye transfoma.

Umeme ulikuwa umerudi mtaa wa chini peke yao, wana laini nyingine. Laini yetu, Shija alikuwa bado ameishika.

Mama yangu weee! Nilikimbia pekupeku. Nilimkuta ananing'inia kwenye mkanda, wenzake wanamshusha huku wanalia, wanaume wazima. Mikono yake sitaieleza. Hospitali wakamkata wa kulia juu ya kiwiko, wa kushoto wakaukata kwenye kifundo.

Watu wakasema papo hapo: wamewasha kutoka kituoni kabla ya wakati. Siku ile zamu ya kituoni alikuwa mzee mmoja ambaye amebakiza kidogo tu astaafu. Mzee akaapa kwamba hakugusa kitu. Nani amsikilize? Jenereta langu lilikuwa limezimika, hakuna aliyelikumbuka. Nami nilirudi nyumbani mbio, nikashusha meni swichi, nikachomoa ule waya, nikautumbukiza chooni. Kisha nikatoka kwenda kulia na wengine.

Shija alipopata fahamu aliniuliza mara moja: "Shemeji, meni swichi hukuigusa?"

"Niiguse ya nini, baba, na wewe ulinikataza?"

Akaniamini. Hajawahi kuniuliza tena.

Halafu yule mzee akaja wodini kumwona mgonjwa, ameshika mfuko wa machungwa. Ni mtu wa umri wa baba yangu, na bado akanisalimia yeye kwanza: "Poleni, mama." Shikamoo sikumpa. Nilisimama mlangoni nikamwambia kwa sauti, wodi nzima isikie, "Umekuja kuhesabu mikono iliyobaki?" Mzee akaweka machungwa sakafuni, akaondoka. Na watu wakanisifu! Eti yule mama anampenda shemeji yake.

Mzee amesimamishwa kazi. Nasikia mkewe hatoki tena nje.

Sasa Shija yuko nyumbani, namlisha. Mama mkwe anamwogesha, mimi ndiye wa kijiko. Ananishukuru kila tonge, na kila tonge nakodolea macho ukuta ili nisimwangalie. Juzi akasema, "Kikao cha kazini cha kuchunguza ajali ni Jumatatu, shemeji, utanisindikiza wewe. Yule mzee sitamtukana. Nitamuuliza kitu kimoja tu mbele ya wakubwa: ulikuwa na haraka gani?"

Nikarudisha kijiko kwenye bakuli. Haraka gani, Mungu wangu! Jibu analitafuta kwa mzee wa watu na lipo kwangu. Nilitaka wanawake sita wa jumuiya wanione ninaishi kwenye mwanga. Na hata hawakuja, walipofika njiani wakakuta kilio.

Nyie mnaowasha majenereta umeme ukikatika, nawasihi. Huo waya wa plagi mbili ukate leo, utupe. Fundi akikwambia usiguse, usiguse, hata mtaa mzima uimbe kwamba umeme umerudi. Huko juu ya nguzo kuna mtoto wa mtu. Na kama umeshagusa, sema siku hiyohiyo, wakati bado watu wanaweza kukuhurumia. Mimi niliposubiri, kosa langu likaenda kumla na mtu wa pili.

Leo ni Jumapili. Nimeandika kwenu kwanza kwa sababu nyie hamnioni uso. Kesho asubuhi nitamnywesha uji, nitamvalisha shati jeupe, nitamfunga vifungo. Kabla hatujavuka mlango nitamwambia. Nimejiapiza. Akinifukuza, nitaondoka. Akinilaani, nitaitikia. Na akitaka kunipiga, ole wangu, hana mkono wa kunipigia.